Mlango wa pili wa kliniki ambao wazazi wanaukwepa

*Akina mama huamka alfajiri kuwahi chanjo na mizani, lakini tatizo la mtoto likiwa la tabia, usemi au hisia, wengi hunyamaza. Kimya hicho hakikuanzia kwao.*

Saa mbili asubuhi mabenchi ya kliniki ya watoto huwa yamekwisha kujaa. Kadi zimepangwa mezani kwa mfuatano wa kufika, mizani imening'inizwa kwenye boriti ya baraza, na mtoto anayevishwa kisuruali cha kupimia analia mpaka wenzake wanamwitikia. Uzito unasomwa kwa sauti. Nukta inawekwa kwenye chati ya kadi. Ikiangukia kwenye kijani mama anapongezwa, ikishuka kwenye kijivu anaulizwa mtoto anakula nini, ikifika kwenye nyekundu anaelekezwa kwa daktari wa zamu.

Katika foleni kama hiyo, kwenye zahanati yoyote ya Tanzania, huweza kuwamo mtoto wa miaka mitatu na nusu mwenye uzito mzuri na chanjo zilizokamilika, ila hasemi neno. Akiitwa jina hageuki. Anaweza kuzungusha kifuniko cha chupa sakafuni nusu saa nzima bila kuinua macho. Mama yake ameliona hilo muda mrefu. Bibi amemwambia asubiri, kwa kuwa hata baba wa mtoto alichelewa kusema. Jirani amemnong'oneza kwamba mtoto amechezewa. Nesi, ambaye bado ana benchi zima mbele yake, anatazama kadi, anaona kijani, anaandika tarehe ya kurudi.

Mama hakuuliza, nesi hakuuliza.

Inapojadiliwa kwa nini watoto wenye matatizo ya afya ya akili na ya ukuaji huchelewa kufikishwa kwenye huduma, kidole huelekezwa haraka kwa wazazi: wanaamini uchawi, wanaona aibu, wanaficha watoto ndani. Hayo yapo, na yameandikwa na watafiti. Lakini wazazi hao hao ndio wanaowahi foleni kabla jua halijapanda na wanaotunza kadi ya kliniki kwa miaka, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Huduma ya afya wanaithamini. Wanachokikwepa ni mlango wa pili: chumba kilichoandikwa "Afya ya Akili", chenye siku yake maalumu, na safari ambayo kila mtu barazani anadhani imeanzia hapo kuelekea Dodoma.

Hospitali za mbali, sifa za karibu

Hospitali ya Mirembe ilijengwa Dodoma mwaka 1927, enzi za Waingereza. Mathari ya Nairobi ilianza 1910. Zanzibar ina Kidongo Chekundu, na kule Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianza kulea wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwa vizazi kadhaa msaada wa akili ulikuwa mahali mgonjwa anakopelekwa, mara nyingi kwa nguvu, mbali na kwao. Watoto wa shule wakitaka kumuudhi mwenzao humwambia aende Mirembe. Nairobi humwambia aende Mathari. Mzazi aliyekua akisikia maneno hayo hawezi kuyasahau siku nesi anapomwambia kwamba mwanawe aonwe na mtaalamu wa akili.

Mpango wa kuisogeza huduma hiyo kwenye zahanati una umri mkubwa kuliko wauguzi wengi walioko kazini leo. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilipoitaka dunia ijenge huduma za msingi za afya, Tanzania haikukawia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na Denmark, iliendesha programu ya kitaifa ya afya ya akili iliyoanzia mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro, kwa lengo la kuziwezesha zahanati na vituo vya afya kuwahudumia wagonjwa karibu na makwao. Mwaka 2008 WHO ilikuja na mpango wake wa kuziba pengo la huduma za akili, mhGAP, ambao mwongozo wake unamwelekeza muuguzi wa kawaida namna ya kuwahudumia pia watoto wenye kifafa, matatizo ya ukuaji na matatizo ya tabia.

Fedha hazikuifuata nia hiyo. Takwimu za WHO za mwaka 2020 zinaonyesha kuwa serikali duniani hutenga takribani asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa ajili ya akili, na katika nchi za kipato cha kati asilimia 70 ya fungu hilo humezwa na hospitali kubwa za wagonjwa wa akili. Barani Afrika wahudumu wa afya ya akili ni 1.6 kwa kila watu 100,000. Wastani wa dunia ni 13.

> *Barani Afrika wahudumu wa afya ya akili ni 1.6 kwa kila watu 100,000. Wastani wa dunia ni 13.*

Uzito wa tatizo lenyewe unajulikana. WHO inakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na ugonjwa wa akili. Kenya ilikwenda nyumba kwa nyumba kutafuta hesabu yake: utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2022 na kituo cha utafiti cha APHRC, kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Queensland na Johns Hopkins, uliwahoji vijana wa miaka 10 hadi 17 pamoja na walezi wao. Asilimia 44.3 ya vijana hao walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na asilimia 12.2 walitimiza vigezo vya ugonjwa kamili. Waliokuwa wamefikia huduma yoyote ya ushauri au msaada walikuwa karibu mmoja tu katika kumi.

Woga wenye sababu

Mzazi anayeukwepa mlango wa pili ana hesabu zake, na zinastahili kusikilizwa kabla ya kukosolewa.

Ya kwanza ni ya ukoo. Mtoto mmoja akijulikana kuwa na "tatizo la akili", dada zake wakubwa wanaweza kukosa wachumba, kwa maana upande wa pili utauliza kama ugonjwa uko kwenye damu. Mama ndiye hubeba lawama ya kwanza: alikula nini alipokuwa mjamzito, alimkosea nani, kwao kukoje. Kuna ndoa zilizovunjika kwa maswali hayo.

Ya pili inahusu dawa, na hapa wazazi wako karibu na ukweli kuliko wengi wanavyokiri. Katika hospitali nyingi za wilaya mtoto mwenye kifafa hutibiwa kwenye kliniki ya afya ya akili, siku moja na watu wazima wenye magonjwa mazito ya akili. Dawa anayopewa mara nyingi ni phenobarbital, kwa kuwa ni ya bei nafuu. Inazuia degedege vizuri, lakini inaweza kumfanya mtoto asinzie darasani, apunguze umakini, au kinyume chake awe mtukutu asiyetulia. Mama anapolalamika kwamba dawa "inampumbaza mtoto" anaeleza madhara yaliyomo kwenye vitabu vya tiba. Akijibiwa kwa karipio badala ya kupimiwa upya kiasi cha dawa, hatarudi. Na dawa hiyo ikiadimika kwenye duka la kituo, kuikatiza ghafla kunaweza kuleta degedege baya kuliko la awali, na kijiji kizima kitashuhudia kwamba dawa za hospitali hazikusaidia kitu. WHO inasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakipata dawa sahihi na wasizikose. Neno gumu hapo ni "wasizikose".

Ya tatu ni sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mzazi aliyemkuta binti yake wa miaka 16 amekunywa sumu ya panya atafika hospitali akisema mtoto alikosea chupa. Atatibiwa tumbo, ataruhusiwa, na chanzo cha yote kitabaki nyumbani kama kilivyokuwa. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo, cha 226, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza Januari 2025 kuwa kinyume cha katiba. Kutaka wazazi waseme wazi huku sheria ikiwatishia watoto wao ni kuwaomba kitu ambacho hakuna mzazi mwenye akili timamu angekitoa.

Degedege lilivyohama

Wanaosema imani za wazazi hazibadiliki wasome historia ya degedege katika pwani ya Tanzania.

Katika miaka ya 1990 watafiti walioishi na kufanya kazi Bagamoyo waliandika kuhusu mtoto anayepatwa na degedege kwa homa kali. Kwa wengi huo haukuwa ugonjwa wa hospitali. Ilielezwa kuwa ni dege, kiumbe kinachopita juu ya mtoto usiku. Mtoto alikandwa na kufukizwa kwa mganga kwanza, na sindano iliogopwa kwa kuaminika kwamba ingemuua. Wataalamu wa malaria walihangaika, kwa sababu mengi ya madegedege hayo yalikuwa malaria iliyopanda kichwani, na saa zilizopotea kwenye mafusho zilikuwa saa za uhai.

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti kutoka Rufiji, wilaya ya pwani hiyo hiyo, uliofuatilia safari za matibabu za watu waliokufa kwa malaria. Karibu wanane katika kila kumi walianzia kwenye huduma za kisasa, na hata pale degedege lilipokuwapo wengi walianzia huko. Mganga hakuwa kituo cha kwanza tena. Vifo vile vilikuwa na maelezo mengine: ucheleweshaji, dozi pungufu, ubora wa huduma yenyewe.

Katika kipindi kifupi hivyo wazazi wa pwani walikuwa wamehama. Hawakuhamishwa kwa kukejeliwa dege lao. Zahanati ilisogea, dawa ilipatikana, jirani aliona mtoto wa jirani akirudi mzima, na neno likatembea. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kipimo cha VVU. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati huduma za kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto zinaanza, kujitokeza kupima ilikuwa sawa na kujitangaza. Kipimo kilipoingizwa katika mahudhurio ya kawaida ya kila mjamzito, pamoja na kupima damu na mkojo, hapakuwa tena na wa kunyooshewa kidole, kwa kuwa kila aliyeketi benchi lile amepima.

Hapo ndipo yalipo maelezo ya mtoto yule asiyesema. Swali likiulizwa kwa mtoto mmoja tu, linamtia doa. Likiulizwa kwa kila mtoto anayeteremshwa kwenye mizani, kwamba anageuka akiitwa, anaonyesha kitu kwa kidole, anacheza na wenzake, analala vipi, basi ni sehemu ya kliniki kama chanjo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kila mtoto achunguzwe dalili za usonji akiwa na miezi 18 na tena miezi 24, awe na dalili au asiwe nazo. Msingi wake ni huo huo.

Hoja ya mwenye foleni

Wauguzi wana jibu, nalo ni zito. Kliniki ikiwa na watoto 60 na kila mmoja akaongezewa dakika tatu za maswali, hizo ni saa tatu mpya za kazi, na nesi ni yule yule aliyekuwa akichanja, akijaza rejista na kukimbilia leba mzazi akifika. Kibaraza hakina faragha. Mama ataelezaje kwamba hajalala usiku kwa wiki kadhaa na mara nyingine anamchukia mwanawe, huku magoti ya mama mwingine yakimgusa?

Kuna pingamizi la pili, linaloungwa mkono na baadhi ya wataalamu wenyewe: kumchunguza mtoto pasipo mahali pa kumpeleka kunaweza kumdhuru. Atapewa jina la ugonjwa na kurudishwa nyumbani nalo. Shule itamkataa, mtaa utampa lakabu, na mzazi atatoka amepoteza tumaini alilokuja nalo.

Pingamizi hilo lilikuwa na nguvu zaidi wakati msaada ulimaanisha daktari bingwa peke yake. WHO ina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka miwili hadi tisa wenye ucheleweshaji wa ukuaji, yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, ambayo huendeshwa na wahudumu wasio mabingwa. Yamekuwa yakifanyiwa majaribio Kenya na Ethiopia. Mlezi hufundishwa kukaa chini na mtoto, kufuata mchezo wake, kumpa nafasi ya kuomba, kutuliza hasira bila fimbo. Mtoto asiyesema anaanza kusaidiwa na mama yake wiki ile ile, wala hasubiri rufaa ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili.

Harare walitumia bibi. Tangu mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha wanawake wazee wa mitaani kusikiliza na kusaidia kutatua matatizo, wakikaa na wahitaji kwenye benchi la mbao katika viwanja vya zahanati. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016, yaliyohusisha watu 573 kwenye zahanati 24, yaligundua kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa takribani asilimia 14 ya waliokaa na bibi hao, ikilinganishwa na asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Wengi wa washiriki walikuwa wanawake. Hilo linawahusu watoto moja kwa moja, maana tafiti za nchi zinazoendelea zimeonyesha kwamba watoto wa mama mwenye sonona wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kudumaa na kuwa na uzito pungufu. Nukta inayoshuka kwenye kijivu inaweza kuwa inasimulia habari za mama kuliko za uji.

> *Nukta inayoshuka kwenye kijivu inaweza kuwa inasimulia habari za mama kuliko za uji.*

Kwa mganga kuna muda

Huko Kilifi, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ukiongozwa na Joseph Gona uliwauliza wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya wanavyouelewa usonji. Sababu zilizotajwa zilikuwa pepo, uchawi na laana, lakini pia matatizo wakati wa uzazi, maambukizi na malaria. Tiba zilizotafutwa zilikuwa za pande zote: maombi, waganga wa jadi na hospitali. Mzazi mmoja anaweza kupita zote tatu na asione mgongano wowote, na kwa kweli anafanya kile ambacho mzazi yeyote aliyekata tamaa hufanya.

Mganga na mchungaji wana kitu ambacho nesi hana: muda. Wanamketisha mama, wanataka kujua ilianza lini, nani yuko nyumbani, mume yuko wapi. Katika kaunti ya Makueni, taasisi ya Profesa David Ndetei na wenzake ilichagua kuzungumza nao. Waganga wa jadi, viongozi wa dini na wahudumu wa afya wa jamii walikaa meza moja na wauguzi waliofundishwa mwongozo wa mhGAP, wakafundishwa kutambua dalili na kuwaelekeza wagonjwa kwenye vituo vya afya. Ushirikiano huo una mipaka yake, kwani hauondoi jukumu la serikali kumlinda mtoto anayefungwa minyororo au kuchapwa ili pepo litoke. Hayo ni makosa, hata yakifanywa kwa jina la Mungu. Lakini mganga anayesema "huyu mpeleke hospitali" anaaminiwa kuliko bango.

Sauti ya baba pia inakosekana barazani. Nauli, kukubali rufaa, ruhusa ya kumpa mtoto dawa za miaka, mara nyingi huamuliwa na mtu ambaye hakusikia nesi akisema nini. Kliniki za wajawazito Tanzania zilipata ujanja: anayekuja na mwenza anahudumiwa mapema. Hakuna sababu ya ujanja huo kuishia pale mtoto anapozaliwa.

Pengo la baada ya miaka mitano

Tatizo kubwa kuliko yote huenda ni kalenda. Kadi ya kliniki inaisha mtoto akitimiza miaka mitano. Utukutu uliopita kiasi, woga wa shule, huzuni isiyoisha na majeraha ya ukatili hujitokeza zaidi baada ya hapo, na WHO imekuwa ikieleza kwamba nusu ya magonjwa yote ya akili huanza kabla ya miaka 14. Mtoto wa miaka minane hana siku ya kliniki. Anafika zahanati akiumwa tumbo au kichwa, anapewa dawa ya minyoo au panado, anarudi.

Fursa zipo. Tangu Aprili 2024 Tanzania inatoa dozi moja ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, wengi wao shuleni. Wahudumu wa afya wanakutana nao uso kwa uso, na wavulana wanaachwa nje ya zoezi hilo. Kenya ilizindua mwaka 2023 jeshi la wahamasishaji wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 wanaoingia majumbani. Katika shule za sekondari za nchi hiyo, taasisi ya Shamiri huwatumia vijana waliomaliza shule karibuni kuendesha vikao vinne kuhusu kukua, kushukuru na kuishi kwa maadili ya mtu, bila kutaja ugonjwa. Majaribio yake kwa wanafunzi 413, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalipunguza dalili za sonona na wasiwasi.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inamtazama mtoto hadi miaka minane na ilipangwa kwenda hadi 2025/26. Imeipa Tanzania lugha ya pamoja kati ya afya, elimu na ustawi wa jamii. Watakaoandika awamu inayofuata wana maamuzi ya kufanya ambayo yana bei: mistari michache ya maswali ya ukuaji na hisia ambayo nesi lazima aijaze kama anavyojaza uzito, pazia au chumba kidogo cha kuzungumzia, mhudumu mmoja katika kila kituo cha afya aliyefundishwa kuendesha vikao vya walezi, dawa za kifafa zisizoisha dukani, na ziara ya lazima ya afya kwa kila mtoto anapoanza darasa la kwanza. Bunge nalo lina kifungu cha 217 cha kukipitia.

Hapo ndipo itakapokuwa haki kumuuliza mzazi kwa nini alichelewa kumleta mtoto.